Mama Huonja Kwanza

Mama yangu hajawahi kumpa mtu kinywaji bila kukionja yeye kwanza. Hupima kasiksi kutoka kwenye bidoni, dumu lake la plastiki, huinua kikombe mpaka mdomoni, humeza mbele ya macho yako, ndipo hukukabidhi kwa mikono miwili. Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi, na mama anaiuza hapa Kalembe tangu kabla sijazaliwa. Upande huu wa Masisi, mashariki ya Kongo, na ukivuka kwenda Walikale ni vilevile, mtu mwenye akili zake hapokei kikombe kisichoonjwa. Watu wanaogopa sumu. Tunaiita karuho, na kila familia ina marehemu wake ambaye inasemekana karuho ndiyo iliyommaliza. Kwa hiyo anayekupa huonja, ili kama ni kufa mfe pamoja.

Hata kuonja hakutoshi. Husemwa kwamba mwenye nia mbaya huficha sumu chini ya ukucha wa kidole gumba, huonja vizuri kabisa, halafu wakati wa kukukabidhi huchovya ukucha. Ndiyo maana mama hukata kucha zake mpaka karibu na nyama. Jumamosi jioni hukaa mlangoni na wembe, anakata polepole, kisha ananyoosha vidole kwenye mwanga na kuvikagua. Wateja wanaokuja Jumapili baada ya misa huvitazama vidole hivyo kabla hawajakitazama kikombe. Mimi nilikua nikidhani mama wa kila mtu ana kucha zilizokatwa namna ile.

Nayasema haya kwa sababu ya tumbo langu.

Sijui tumbo lilianza lini. Maumivu ya namna hii hayabishi hodi. Ulikuwa moto mdogo chini ya kifua, mahali ambapo mbavu zinakutana, ukaja, ukaondoka, ukarudi ukiwa umezoea njia. Nikiwa na njaa uliniuma, nikila uliniuma kwa namna nyingine. Nafundisha darasa la tatu, na ilifika wakati nikawa nafundisha hesabu nikiwa nimeegemea ubao, mkono mmoja unaandika, mwingine umekandamiza tumbo. Watoto walizoea. Mmoja wao, alipoambiwa na wenzake aigize mwalimu, alishika tumbo kabla ya kushika chaki.

Niliacha pilipili. Niliacha maharagi ya jioni, kisha chai ya rangi, kisha ndizi kali. Kila nilichoacha, maumivu yalikubali kupumzika siku chache halafu yakadai kingine. Na ushauri, jamani. Ukiwa mgonjwa kwetu kila mtu ni daktari. Kunywa maziwa ya moto. Usiguse maziwa kabisa. Kula udongo mweupe wa kule Muheto. Lala ubavu wa kushoto. Nilifanya yote, kwa sababu kufanya kulinichosha kidogo kuliko kubishana.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyekata shauri kwamba nimelishwa sumu. Alinipeleka kwa mzee mmoja anayetapisha watu. Mzee alininywesha majani yaliyochemshwa, machungu kama nyongo, nikatapika mpaka miguu ikanilegea. Alichunguza matapishi kwa kijiti, akatikisa kichwa, akaniuliza swali moja tu.

“Nani njo alikupa kitu ya kunywa bila kuonja?”

Nilimwambia hakuna. Karibu kila ninachokunywa napewa na mama, na mama huonja kila kitu, hata maji, hata chai. Tangu utotoni sijapata kikombe kutoka mkononi mwake ambacho mdomo wake haukutangulia. Mzee alitupa kijiti, shangazi akamlipa. Tuliporudi nyumbani mama alisikia habari hiyo akafurahi, akairudia kwa majirani: mtoto wake ameulizwa nani alimpa bila kuonja, na jibu likawa hakuna. Mimi nilikwenda kulala. Tumbo lilikuwa tupu na bado liliuma.

Mwishowe nilishuka kituo cha afya. Muuguzi wa pale ni mwanaume mpole, mwenye sauti ya mtu aliyesema jambo moja mara nyingi mno. Alitaka choo changu katika kichupa. Nilikibeba asubuhi ndani ya mfuko wa shule, chini ya madaftari ya wanafunzi, nikasalimiana na nusu ya kijiji njiani, kila mmoja akitaka kunisaidia mzigo. Jibu lilikuja: ni mdudu. Si sumu, si laana, si mawazo mengi. Ni mikrobi anayeishi ndani ya tumbo, kwenye ile asidi ambayo ingetosha kuwaunguza wengine, anatafuna ukuta taratibu. Muuguzi alisema watu wengi wanaye na hawajui, ila kwa wengine anafanya vidonda. Nikamuuliza ameingiaje. Akasema kwa mdomo, kwa maji, kwa mikono, na kwamba hata wenye masomo makubwa hawajakubaliana sawasawa.

Alinipa vidonge vya aina tatu, vya wiki mbili, asubuhi na jioni, bila kuruka. Kimoja kati yake hakipatani na pombe hata tone. Kiliniachia mdomoni ladha ya msumari wenye kutu. Nilivumilia, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa na ugonjwa wenye jina na dawa yenye mwisho.

Mwisho wenyewe sikuufikia. Asubuhi moja risasi zililia juu ya kilima, tukafunga tulichoweza kufunga, tukashika barabara ya Walikale. Sina la kusimulia hapo, kila mtu wa huku anajua kukimbia kulivyo. Mama alibeba bidoni tupu na godoro. Mimi nilibeba sufuria na vitabu. Dawa zilibaki juu ya ukuta, pale paa linapokutana na matofali, mahali nilipoziweka ili zisipotee.

Kule Mpofi, upande wa Walikale, tulipokelewa na binamu ya mama, mkulima wa msituni. Jioni tulipofika alituletea kinywaji. Ni Mkristo asiyekosa ibada, lakini alimwaga tone moja chini kwa ajili ya wazee wake, akaonja, ndipo akampa mama. Mama akaonja tena, akanipa mimi. Nakumbuka nilivyopumua kwa raha kukipokea kikombe hicho. Tulikuwa tumepoteza kila kitu isipokuwa adabu.

Tuliporudi Kalembe mabati yalikuwa yameondoka, milango imeondoka, dawa zangu zilikuwa palepale, zimegugunwa na panya. Huenda leo kuna panya mmoja hapa kijijini ambaye tumbo lake halina shida yoyote.

Nilianza upya. Mara hii nilimaliza, na tumbo likanyamaza. Nilikula maharagi. Nililala mpaka jogoo wakachoka kuwika. Nilinenepa kidogo usoni, watu wakaanza kuniuliza kama kuna mwanaume. Halafu msimu wa kupanda ulipoisha, nikiwa nimeinama kuokota chaki, moto ule ukarudi mahali pake pa zamani. Sikulia. Nilikaa kwenye dawati la mtoto, nikawaambia wasome kimyakimya, na wao, Mungu awabariki, wakasoma kwa sauti.

Muuguzi alinipima tena, mdudu yupo. Alikaa akigonga kalamu mezani. Akasema ama dawa haikummaliza, ama kuna mtu amenirudishia. Kisha akainua macho.

“Dada, unakunywaka na nani kwa kikombe kimoja?”

Nilijibu kabla sijaelewa nilichokuwa najibu.

Mama alishuka kupimwa akinung'unika. Hajawahi kuumwa tumbo, anakula pilipili mbichi kama mtoto anavyokula karanga. Naye alikuwa na mdudu yuleyule. Muuguzi alimweleza kwa heshima zote, Mama hivi, Mama vile, kwamba inafaa tutibiwe pamoja wakati mmoja, na kwamba asiwe anatangulia kunywa kwenye kikombe changu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga kitambaa chake vizuri, akasimama, akamshukuru, akatoka. Hakuchukua dawa.

Njiani alitembea mbele yangu. Tulipofika karibu na shamba letu ndipo aliposimama.

“Nilikuwa naonja juu weye usikufe,” alisema. “Leo munasema miye njo ninakuuwa.”

Nilimwambia hakuna aliyesema anaua. Nilimwambia ni mdudu tu, hakuna mwenye kosa, kwamba muuguzi mwenyewe hana hakika. Nilipendekeza awe anamimina kidogo kwenye kikombe chake na kuonja humo. Alicheka bila furaha. Mtoto mchanga anajua, alisema, kwamba sumu haikai kwenye bidoni, inakaa kwenye kikombe. Kuonja kikombe kingine ni kuonja bure. Na dawa hawezi kumeza, maana dawa hazitaki pombe, na muuza kasiksi asiyeonja kasiksi anauza nini? “Hata padiri anaonjaka mbele ya batu,” akamaliza.

Kwa hiyo nikaanza kumeza vidonge peke yangu mara ya tatu, na nikanunua kikombe changu cha plastiki, cha buluu. Ndani ya nyumba tulikuwa tunakipita kile kikombe kama mgeni asiyealikwa. Nilichota maji mwenyewe. Mama alitazama pembeni. Nilijiambia nitachukua tahadhari, hakuna mtu wa nje atakayejua. Nilikuwa nimechoka sana kuumwa, na mtu aliyechoka hujidanganya upesi.

Jumapili uwanja wetu ulijaa. Mama alikuwa amekamua ndizi tangu juzi yake kwenye chombo kirefu cha mti, akikanda kwa majani mpaka juisi ikatoka, na kwa ajili ya watoto na wasiokunywa pombe alibakiza mutobe, juisi tamu ambayo haijachacha. Nilipotoka nje akanijazia mutobe, labda alidhani kwa kuwa si pombe nitakubali. Akainua, akaonja, akaninyooshea kwa mikono miwili. Kucha zake zilikuwa zimekatwa jana yake. Watu walikuwa wakizungumza, na mimi nilisimama nikikitazama kile kikombe na alama ya mdomo wake ukingoni, nikafikiria panya, nikafikiria Mpofi, nikafikiria dawati la mtoto.

Nilisema, “Asante, mama. Nitakunywa baadaye.”

Hakuna neno baya nililosema, na hakuna ambaye hakulisikia. Mama alibaki na mikono mbele. Kisha akakinywa mwenyewe, chote, akanitazama juu ya ukingo wa kikombe, akaenda kumhudumia mwingine.

Nilijaribu kueleza. Nilizungumza habari za mikrobi kwa watu waliokuwa wameshika pombe, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama ninaficha kitu. Mwalimu anaumwa tumbo miaka. Mwalimu alitapishwa kwa ajili ya sumu. Mwalimu amekataa kikombe cha mama yake mzazi. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema mmoja wakati anatoka, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Fundi wa matofali, jirani aliyekunywa kwetu tangu baba angali hai, alirudisha kikombe kabla ya kukimaliza. Alikuwa na haya usoni.

“Kama mutoto yake mwenyewe anaogopa,” aliniambia, “miye njo nani?”

Jumapili iliyofuata walikuja wachache, na iliyofuata hiyo alikuja shangazi tu, naye hakunywa, alikuja kuona. Bidoni zilikaa zikachacha mpaka zikawa siki. Mama alizimwaga kwenye migomba. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikuwa akipika, akiniwekea chakula changu katika sahani yangu kama wanavyomfanyia mgeni, akikaa upande wa pili wa moto. Nilikuwa nimebakiza vidonge vichache na mdomo wenye ladha ya msumari, na nilihesabu hasara zote mbili kila nilipomeza: nikipona, jina la mama yangu limekufa, nikirudi kwenye kikombe chake, nitaendelea kufundisha nimeegemea ubao mpaka siku nitakayotapika damu. Nilikuwa na hasira na mdudu, na kijiji, na mama. Zaidi nilikuwa nimechoka. Uchovu ulikuwa mkubwa kuliko hasira, ukakalia juu yake.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta mama amekaa mlangoni, anatema mate kwenye vumbi, anapangusa ulimi kwa kona ya kitambaa. Nikamuuliza ana nini. Akasema mdomo wake una ladha ya chuma. Nilielewa, nikaingia ndani haraka ili asinione uso. Alikuwa ameshuka kituo cha afya peke yake, bila kunishauri, akaomba zile dawa alizozikataa.

Wiki mbili hakugusa pombe. Hakukamua, hakuonja, hakuuza. Chombo kirefu cha mti alikiegemeza ukutani, kuku wakalala ndani yake. Waliopita barabarani walisema yao, na yeye aliwasalimu. Lisemwalo lipo, walisema, ona ameacha hata kukamua. Mama alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni akikunja uso kama mtoto, na hakuruka. Mimi nilimaliza vya kwangu kabla yake. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Nilianza tu kuosha kikombe chake pamoja na changu, naye hakuvitenganisha tena kwenye kichanja.

Alipomaliza alifukuza kuku, akasugua chombo, akafukia ndizi ziive. Jumamosi akakaa mlangoni na wembe. Nilimuuliza anataka kuuza kwa nani. Akasema kwa atakayekuja.

Walikuja. Nadhani wengi walikuja kutazama, na kiu ni kiu. Fundi wa matofali alikuwa mmojawapo, amekaa mbali karibu na njia, kikombe kitupu mkononi, kama mtu anayepita. Mama aliwahudumia jinsi alivyowahudumia daima, akaonja kila kikombe, cha huyu na cha yule, mdomo wake mahali pa midomo yao. Nilimtazama nikajua kwamba kuna siku mdudu yule atamrudia kupitia mmoja wao. Nilikuwa nimemuuliza muuguzi juu ya hilo, akainua mabega akasema hawezi kutibu Kalembe nzima. Nami siwezi.

Kisha mama akachukua kikombe cha buluu. Alikuwa amekitoa ndani bila mimi kuona. Akakijaza mutobe mbele ya watu wote, akakishika kwa mikono miwili, kucha zile fupi ziko wazi, akanifuata nilipokaa. Niliwaona wakimtazama wakisubiri ainue. Hakuinua. Alikinyoosha moja kwa moja kutoka kifuani mwake hadi kwangu.

“Kunywa,” alisema, kwa sauti ya kufika hadi njiani. “Miye sikuonja.”

Kumpa mtu kikombe na kumwambia hukukionja ni jambo ambalo kwetu hata adui hatamki. Shangazi alishika mdomo. Machoni mwa mama niliona hofu ambayo sikuwahi kuiona hata asubuhi ile ya risasi. Maisha yangu yote alikuwa ametangulia kufa kwa ajili yangu, kikombe kwa kikombe, na leo ananiomba nimwamini bila yeye kutangulia.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilikunywa bila kupumzika, nikamgeuzia kikombe chini mbele yao wote ili waone hakuna tone lililobaki.

Mama alikaa chini palepale kwenye nyasi, kama mtu aliyeteremsha mzigo. Kule njiani fundi wa matofali alisimama, akaja na kikombe chake, akaomba ajaziwe.